Paka Hana Mtani

Uvumilivu wangu ulikwisha asubuhi ile mtani wa mume wangu alipobweka kama mbwa dirishani, paka akaruka kutoka mapajani mwangu na kukimbilia darini.

Paka yule tulimtoa kijiji cha Kiberege ili atuokolee mpunga wa mbegu, maana panya walikuwa wanaumaliza. Lakini alikuwa mwoga, akisikia kinu tu anajificha. Nilimtandikia khanga kuukuu ndani ya tenga, nikamwekea vichwa vya kambale na kukaa mbali, nikamkanya mwanangu asimvute mkia. Asubuhi ile ndiyo kwanza alinipandia mwenyewe. Halafu jitu zima linabweka!

"Shemeji, paka gani huyu? Panya watamposa!"

"Mbwa we! Leo nakushtaki."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, mtani hashtakiwi. Huyu ndiye atakayetuchekesha msibani."

"Basi angoje msiba!"

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda moja kwa moja barazani kwa jumbe. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza. Wazee wakaanza kucheka. Nikangoja wanyamaze, kisha nikatoa shauri langu kwa sauti ya mwalimu darasani:

"Namshtaki mtani wetu. Mimi anitanie, mume wangu amtanie, hata maiti zetu azitanie, ni haki yake. Lakini paka hana kabila, kwa hiyo hana mtani. Naomba aamriwe asibweke nyumbani kwangu mpaka paka azoee."