Baiskeli ya Maganga na Tone la Damu

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Tabora, Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, alinikagua kucha, akanikagua viatu, kisha akanikabidhi kijipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Alikuwa Mwingereza mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. "Wewe sikiliza tumbo," aliniambia. "Mambo ya nyumbani kwao acha mlangoni." Nikaitikia, "Ndiyo, Memsahib." Mimi ni Mzigua wa Handeni na sikuumbwa kunyamaza, lakini nilimtii miezi kadhaa, na katika miezi hiyo sikumfaa mtu sana.

Hatukuwa na mashine za kumwonyesha mtoto kwenye kioo. Tulikuwa na mikono yetu, kijipembe, na karatasi ya damu: unamtoboa mama kidole, karatasi inanyonya tone, nawe unalinganisha wekundu wake na rangi zilizochapwa pembeni. Ukipauka, mama ana upungufu wa damu, na mama wa namna hiyo akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua, humpati tena. Hao tuliwataka wakae katika nyumba ya kungojea, banda la matofali nyuma ya wodi, miezi miwili kabla ya siku zao. Wengi hawakuja. Metroni alisema ni ujinga.

Nilipohamishiwa zahanati ya Urambo ndipo nilipojua kwamba si ujinga, ni hofu ya nyumbani. Dresa mkuu wa pale, yaani msaidizi wa tabibu, Mnyamwezi wa makamo, aliposikia kabila langu alipiga makofi. "Mtani! Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, mkawanyima maji! Leo mtajuta." Jioni ile alimkamata kuku wangu, akamla. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani hakasirikiwi. Atakutukana msibani, atashika mali yako mpaka uikomboe, na atakuambia usoni neno ambalo ndugu yako halithubutu. Dresa akanifundisha kuingia majumbani kwa mlango huo. "Muuguzi anaogopwa," alisema. "Mtani anapewa uji."

Niliporudishwa Tabora nilimkuta Bwana Mganga mpya, ndivyo tulivyomwita daktari, kijana aliyeipenda hadubini, ambayo sisi tuliiita darubini, kuliko chakula chake. Ugonjwa ambao leo mnauita selimundu hatukuwa na jina lake, ila watoto wake tuliwajua: mikono na miguu hufura kabla hawajatimiza mwaka, macho huwa ya manjano, mifupa huwaliza, kisha kaburi. Bwana Mganga alinieleza kwamba chembe za damu yao hupinda kama mundu, na kwamba mtoto huugua akiirithi mbegu hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mwenye mbegu moja huwa mzima, analima, hajui kitu.

"Akija mama aliyezika watoto hivyo, utasema naye wewe," aliniambia. "Kiswahili changu kitaua mtu."

Akaja Nyamizi, mimba ya miezi saba, amepakiwa nyuma ya baiskeli na mumewe Maganga, mrina asali, Mnyamwezi wa kijiji kimoja cha njia ya Urambo. Karatasi ilitoka imepauka. Alikuwa amezika wawili, wote walifura mikono. Nilipomtajia nyumba ya kungojea alitikisa kichwa.

"Nikilala huku, dada, nitarudi nimkute mke mwenzangu jikoni. Mama mkwe amesema na huyu akifa nirudishwe kwetu. Eti tumbo langu limeoza."

Nikatoka barazani, Maganga amekaa na wanaume wengine. Nikamwambia kwa sauti, "Mtani! Wale watoto hawakuponzwa na Nyamizi peke yake. Nusu ya ugonjwa uliutoa wewe!"

Baraza zima lilicheka. Maganga alijipiga paja. "Wazigua kwa uongo!"

Hapo nilijiona mjinga kweli. Nilikuwa nimesema jambo zito kwa sauti ya mzaha, likapokelewa kama mzaha, na Nyamizi ndani alikisikia kicheko chote. Niliumia. Lakini kosa la mtani hurekebishwa na mtani. Nikaishika ile baiskeli, nikaisukuma hadi chumbani kwangu, nikafunga mlango.

"Nimeikamata. Utaikomboa kwa tone la damu ya kidole."

Mbele ya wenzake hakuwa na la kufanya. Akatoa kidole, huku akinitukania ukoo. Nikamtoboa na Nyamizi, kisha nikajitoboa mwenyewe.

Kipimo chenyewe kilihitaji subira. Tone huwekwa juu ya kioo, hufunikwa kwa kioo chembamba, kingo huzibwa kwa mafuta ya mgando ili hewa isiingie, na huachwa mpaka kesho, kwa maana chembe hizo hupinda zikikosa hewa. Maganga akaenda kulala kwa binamu yake mtaa wa Ng'ambo. Bwana Mganga aliniita.

"Umeiba baiskeli ya mume wa mgonjwa?"

"Sikuiba, Bwana. Nimetania."

"Basi endelea kuitania mpaka kesho."

Kesho yake tuliweka vioo vitatu chini ya darubini. Cha kwanza kilikuwa cha damu yangu, chembe za mviringo tupu. Cha pili cha Nyamizi, cha tatu cha Maganga, na katika vyote viwili chembe zilizopinda kama mundu zilijaa. Maganga alitazama, akarudia, akatazama tena.

"Mtani," alisema taratibu, "jana hukunitania."

"Sikukutania."

Alimwacha Nyamizi kwetu, akachukua baiskeli akaenda. Siku ya tatu alirudi amempakia mama yake. Nilijiandaa kwa ugomvi, nakiri. Yule mama hata hakuketi. Alininyooshea kidole.

"Mimi nilizika watatu. Walifura mikono vilevile, na wakwe zangu wakaniita mchawi. Nitoboe."

Majibu yalipotoka akasema, "Kumbe ni mimi."

"Na marehemu mumeo, Mama. Wale watatu wasingeugua kwa mbegu yako peke yako."

Akajifunika khanga usoni, akalia kilio cha miaka mingi, nami nikalia naye, jambo ambalo Metroni asingelisamehe. Kisha akaenda nyumba ya kungojea, akawasha moto, akapika ugali wa mtama na nsansa, majani yao ya kunde yaliyokaushwa. Mkwe wa siku zile hakuomba radhi kwa maneno. Alimpakulia Nyamizi kwanza, akakaa naye mpaka akajifungua salama mtoto wa kike.

Wote walinitazama mimi: je, huyu atapona? Damu ya mtoto mchanga haisemi mapema. Lazima miezi ipite. Nilitamani sana kuwaahidi. Bwana Mganga alinikataza. "Kila mimba hupiga kura upya," alisema. "Waliokufa hawakumlipia huyu." Nikawaambia hivyo hivyo, na haikuwa rahisi.

Sasa nimestaafu, na sijutii baiskeli ile hata kidogo. Wauguzi vijana hupenda kuniuliza kama yule mtoto alikuwa mzima. Hakuwa. Lakini aliishi, alisoma, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Nawaambia wasipime kazi hii kwa majibu ya kioo tu, wapime kwa asubuhi moja ya kliniki, mtoto akiwa na miezi tisa. Bibi yake aliingia naye mgongoni, mikono imefura, Nyamizi na Maganga nyuma yake. Mama mmoja kwenye benchi akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Masikini, nani kamroga?"

Bibi akamgeukia. "Hajarogwa na mtu. Hii ni damu yetu, yangu na ya mwanangu na ya mkwe wangu huyu. Tumemleta mapema. Tupisheni."