Nilimpoteza mama wa watu kwa kitabu cha sheria kilichopitwa na wakati

Wakuu, heshima kwenu.

Hili sijawahi kulisema popote. Sitaongeza chumvi, maana lilivyo tu linanitosha.

Miaka ya ubinafsishaji, mashirika yanauzwa na pamba inanunuliwa na kila mwenye mzani, nilikuwa na kibanda Bariadi mjini, karibu na mahakama. Nilikuwa na taipureta moja na rafu ya vitabu vya sheria nilivyonunua Dar, duka la serikali.

Nilikuwa nauza sheria zilizochapwa na kuwaandikia watu madai. Uwakili sikusomea. Ila watu wa vijijini waliniamini kuliko hakimu.

Zamani sheria ikibadilika, kijitabu cha marekebisho kilinifikia kwa basi. Uchapaji ulipoingia kwa watu binafsi, vijitabu vikakoma. Kampuni zikaanza kuweka sheria kwenye CD, baadaye mtandaoni.

Muuzaji mmoja alinifuata mpaka kibandani.

"Kaka, hivi vitabu vinakufa. Mabadiliko yote yamo humu."

Nikamcheka. Kompyuta sina, umeme wenyewe wa kubahatisha. Akafunga begi, akaenda zake.

Baadaye akaja Mama Minza, mjane wa Migato. Shemeji yake alikuwa amemfukuza kwenye shamba la pamba aliloachiwa na marehemu mumewe.

"Mwangaluka, ng'wanawane," alinisalimia Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mwanangu. "Nioneshe pa kwenda. Miguu inauma, nisizungushwe."

Nikafungua kitabu.

"Mayu," nikamwambia, yaani mama, "nenda mahakama ya mwanzo. Imeandikwa hapa."

Wakuu, hapa ndipo panaponiuma. Karani mmoja alishanidokeza kuwa amesikia kesi za ardhi zimehamishiwa kwenye mabaraza ya ardhi. Nikamuuliza, "Kitabu gani kimesema?" Hakuwa nacho. Nikamwona mbea tu.

Kesi ikapokelewa. Hakimu hakushtuka, maana hata yeye alikuwa akiazima vitabu kwangu! Ilichukua zaidi ya msimu mzima, Mama Minza akitoka Migato kila tarehe ikitajwa.

Akashinda. Akaniletea jogoo na kapu la michembe, viazi vitamu vya kukausha. Akarudi shambani, akapanda.

Shemeji akakata rufaa, akaleta wakili kutoka Mwanza.

Wakili yule hakubeba kitabu hata kimoja. Alitoa karatasi chache alizo-print kutoka mtandaoni. Sheria mpya. Mahakama ya mwanzo haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro ule tangu siku ya kwanza.

Shamba ni la nani, hakugusa kabisa.

Kila kitu kikafutwa. Anayedai aanze upya baraza la kata.

Nje, Mama Minza alinishika mkono.

"Kwa hiyo nimeshindwa?"

"Hujashindwa, mayu. Ni kama kesi haikuwepo."

"Sasa muda wote ule nilikuwa naongea na nani?"



Wiki ile ile shemeji aliingiza ng'ombe na plau, akalima juu ya pamba iliyokwisha kutoa maua.

Nilimwambia Mama Minza nitamwandikia madai ya baraza. Akakataa. "Nimechoka kuapa." Akahamia Lamadi kwa binti yake, akawa anaanika dagaa.

Nilimfuata huko. Nikamweleza ukweli wote, kitabu cha zamani, yule muuzaji, maneno ya karani. Alinisikiliza huku akigeuza dagaa juani.

"Kwa nini hukuniambia kwamba hujui?"

Hakupandisha hata sauti. Afadhali angenitukana.

Alifariki kabla ya masika. Wakamzika huko huko Lamadi, maana shemeji alikataa alazwe Migato karibu na mumewe.

Niliendelea na kibanda kwa muda, lakini kila aliyeniuliza pa kwenda nilimwambia atafute wakili. Mwishowe hawakuja tena. Nikafunga.

Siku hizi sheria zipo kwenye simu, bure. Majuzi niliitafuta ile ya mabaraza, ikaja kabla sijamaliza kuandika jina lake. Nikazima simu.

Nilichojifunza: mtu akikukabidhi shida yake na hujui, sema hujui. Usijifiche nyuma ya maandishi.

Mliosomea sheria humu ndani, naomba mnijibu. Baada ya kesi ile kufutwa, kulikuwa na njia yoyote ya kumzuia shemeji asiingize plau?

Msinionee huruma. Kama ilikuwepo, niambieni.