Mama Geuza Naye Ageuzwe

Hospitalini walimwita shangazi yangu Mama Geuza, naye akijifanya hajui. Ndugu wa mgonjwa wakimwomba, "Sista, mwache apumzike, ndiyo kwanza amelala," aliwajibu, "Mapumziko hayo ndiyo yatakayomtoboa mgongo," huku keshaanza kumgeuza mgonjwa ubavu wa pili.

Mimi nilikuwa dobi palepale. Shuka lenye kunjo alinirudishia mbele za watu. Undugu tuliuacha getini. Lakini siku zile nazikumbuka kwa raha. Alipapasa kitanda kwa kiganja akitafuta hata chembe ya mkate, kisha akagusa nyonga, makalio na visigino vya mgonjwa. "Ngozi zetu nyeusi haziwahi kusema," aliwaambia wanafunzi. "Wekundu wa kwenye vitabu usiungoje. Gusa. Pakiwa pa moto, au pagumu kuliko jirani yake, kidonda cha kulalia kimeshapiga hodi." Halafu alipasugua kwa spiriti na poda, wodi nzima ikanukia kama kwa kinyozi. Harufu ile naipenda mpaka leo.

Sasa kavunjika nyonga, anauguzwa kwangu, na ukimgusa tu anang'aka. "Niache nipumzike, mwanangu." Yeye huyohuyo. Mganga hajigangi.

Juzi nikimwosha nilishika kisigino chake, nikakikuta cha moto, kigumu. Kisigino kikichimbika katika umri ule, kusimama tena tusahau. Nikakimbilia chupa ya spiriti.

"Weka chini hiyo," akasema. "Tulisugua miaka na miaka tukidhani tunasaidia, mpaka wakaja kutufundisha kwamba kusugua kunaumiza nyama kwa ndani. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse kitu."

Nikaweka. "Na sasa nikugeuze."

"Sitaki."

Hapo nilikasirika. "Shangazi, mgonjwa wako angekujibu hivyo, ungemwacha?"

Macho yalimjaa maji. "Ukinigeuza upande ule nabaki na ukuta tu," akasema. "Watu wote wale niliwageuza, na hata mmoja sikumuuliza anataka kutazama wapi."

Niliona aibu, maana hata mimi sikuwa nimemuuliza. Nikakivuta kitanda kutoka ukutani, nikakizungusha mpaka kikakwaruza sakafu. "Haya, Shangazi. Unataka kutazama wapi?"

Alifikiri. "Jikoni. Nikuone ukipika. Mikono yako siiamini."

Nikaukunjua mkono wake, nikamwinua bega, nikamgeuza polepole. Alinishika shingo, na hata alipokwisha kulala vizuri hakuniachia. Nami sikujitoa.

Kisigino kimeanza kupoa. Anayeteseka sasa ni mimi, kila nikimenya kitunguu ananikosoa kutoka kitandani.