Semina Mbili, Nauli Moja

Katika karakana ya magodoro hakuna anayerudi nyumbani msafi. Chembe za sponji huingia nyweleni, masikioni, mpaka kwenye chai. Mwanamke tunayemzungumzia alikuwa amezizoea hivi kwamba ukimpa chai isiyo na chembe angekuuliza kama ni ya jana. Kazi yake ilikuwa kushona makava kwa cherehani kubwa ya umeme, kutwa nzima, kitambaa kizito kikimpitia mapajani. Jioni mbili kwa wiki alijikung'uta, akavuka barabara na kuingia kwenye ukumbi mmoja uliowahi kuwa ghala la mbao. Humo klabu ya judo ilifanyia mazoezi juu ya mikeka aliyoishona yeye mwenyewe kwa sponji za mabaki.

Klabuni walimwita Godoro. Jina lilianzia kwenye kazi yake lakini halikuishia hapo, maana hakuna aliyejua kuanguka kama yeye. Ukimtupa alipaa, akageuka hewani, mkono wake ukapiga mkeka paa! Wewe uliyemtupa ukajiona bingwa wa dunia. Kila mtu alitaka kufanya naye mazoezi. Nani asiyependa kujiona bingwa?

Aliyemfaidi kuliko wote ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Miaka minne walikuwa wakishikana kola za makoti yale meupe ya judo, na kazi ilikuwa imegawanyika tangu mwanzo: Wifi hutupa, Godoro huanguka.

Sasa mwaka ule zilikuja semina mbili, zikipishana kwa wiki mbili tu, kila moja katika mji wake wa mbali.

Ya kwanza ilikuwa ya kata. Kata ni judo ya kupangwa. Watu wawili hufuata hatua zinazojulikana, mmoja akitupa na mwenzake akianguka, na waamuzi hutazama kama mambo yanakwenda kwa ustadi. Siku ya mwisho palikuwa na mtihani wa mkanda mweusi. Ya pili ilikuwa ya mapambano ya chini, ya kubanana na kujinasua mkiwa mmelala mkekani, ambako hakuna anayekuangukia wala unayemwangukia.

Karakana ilikuwa imemaliza magodoro ya bweni moja la chuo, na tajiri, ambaye siku zote mkono wake ni wa birika, aliwashangaza mafundi kwa kuwapa bakshishi. Pesa ile ilitosha semina moja: ada, nauli na kitanda cha kulala. Hiyo nyingine ingebidi aende kwa miguu na kulala stendi.

"Ngoja nielewe," alisema mumewe, fundi bomba, huku akifuta mikono. "Wenzako wanalipwa ili wapigane. Wewe unalipa ili upigwe?"

"Sijaamua bado nikapigwe wapi."

"Basi nunua pasi. Ile ya zamani inapiga shoti."

Njia mbili zilimshinda fisi, na Godoro naye zilimshinda. Moyoni aliitaka ile semina ya chini, na aliitaka kwa uchu uliomtia aibu. Katika miaka yote ile hakuwahi kumshinda mtu yeyote. Alitaka, japo mara moja, kujua mwili wake unaweza kufanya nini zaidi ya kutupwa. Lakini Wifi alikuwa keshapitisha uamuzi.

"Nimeshatuandikisha kata," alisema, bila hata kukaa. "Majina tu, pesa utalipa mwenyewe. Nikipata mkanda mweusi, mwenye chuo cha udereva ananipa ule ukumbi wa juu. Nafungua darasa la wanawake, wajifunze kujilinda. Kumi na wawili wameshaniambia watakuja."

"Na mimi je?"

"Wewe utaniangukia, mama. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Godoro alicheka, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kukataa.

Jambo lenyewe lilitokea wiki ile ile mazoezini. Godoro alikuwa na mawazo, kichwa kikizunguka kati ya semina na semina. Wifi akaingia na mtupo wake anaoupenda wa nyonga: akamvuta, akamgeuzia mgongo, akanyanyua. Hakuna kilichonyanyuka. Godoro alikuwa amesimama wima, miguu yote miwili chini, akiwaza nauli.

"Leo umekula mawe?" Wifi alimuuliza akihema.

"Samahani, nilikuwa mbali. Rudia."

Wifi akarudia na Godoro akapaa kama kawaida, mkono ukapiga mkeka. Lakini wakati akiwa hewani, kwa mara ya kwanza alijisikia anaruka. Hakuwa ametupwa. Miguu yake mwenyewe ndiyo iliyosukuma sakafu.

Usiku ule hakupata usingizi. Alijaribu kukumbuka siku hata moja ambayo Wifi alimwangusha kweli, akaikosa. Alichokumbuka ni mwanzo wake. Mama mkwe alikuwa amefariki, na Wifi, aliyekuwa akiishi naye, alikaa miezi bila kuongea wala kula vizuri. Godoro ndiye aliyemburuta klabuni ili walau atoe jasho. Siku ya kwanza Wifi alimshika kola, akamvuta bila nguvu yoyote, na Godoro kwa huruma akajirusha mwenyewe. Wifi akatazama chini alipolala Godoro, akacheka, cheko kubwa lililojaza ukumbi. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu mazishi. Ungekuwa wewe, kesho yake usingejirusha tena?

Basi alijirusha tena. Huruma ikawa mazoea, na mazoea hayana kengele ya kukuamsha. Wanajudo wengi husaidiana kidogo kidogo hivyo, lakini kidogo kidogo ya Godoro ilikuwa imefika miaka minne. Na sasa Wifi alikuwa anakwenda kuwafundisha wanawake kumi na wawili kujilinda kwa mtupo usiomtupa mtu.

Siku ya pili yake Wifi alimpitia kazini kwa gari la chuo, lile lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Alikuwa amefura.

"Kuna mwanafunzi wa mwalimu mwenzangu leo kafeli mtihani vibaya sana. Unajua kwa nini? Kila kona mwalimu alikuwa anamkanyagia breki chini chini, na mtoto wa watu anadhani ni yeye anayesimamisha gari. Leo kakaa na askari wa kutahini, askari hana huruma ya breki, kaparamia ukingo."

"Labda mwalimu alimhurumia," alisema Godoro.

"Huruma gani hiyo? Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku akiua mtu barabarani, huyo mwalimu atakuwa wapi?"

Godoro aligeukia dirishani akajifanya anatafuta kitu barabarani.

Alijifariji na wazo moja la kijinga. Kama angekwenda kwenye kata, Wifi angefanya mtihani naye, angeanguka vizuri, mkanda ungepatikana na kila mtu angerudi salama. Darasa la wanawake lingekuwa shauri la baadaye. Akaenda kwa Mwalimu wao wa judo, mzee anayetengeneza majokofu, ili aambiwe kuwa wazo hilo ni zuri.

"Nilikuwa najua unamsaidia," alisema Mwalimu, kichwa kikiwa bado ndani ya jokofu. "Kata bila kusaidiana haipendezi."

"Mwalimu, mimi simsaidii. Mimi najitupa mwenyewe."

Mzee alitoa kichwa.

"Hilo sikuliona," alisema, na alionekana kulionea haya. "Basi jua na hili. Yule mgeni anayekuja kutahini huwatenganisha wenza. Kabla ya kutoa mkanda, kila mtu humtupa asiyemjua. Nenda usiende, siku hiyo Wifi yako atakuwa na mtu mwingine mikononi."

Kwa hiyo nauli ya kata haingenunua kitu. Kilichobaki ni kusema, na kusema ndiko alikokuwa akikukimbia tangu mwanzo. Alipiga moyo konde. Siku ya mazoezi aliwahi ukumbini, na Wifi alipomaliza kufunga mkanda wake alimwambia, "Leo nitupe kweli. Mimi sitaruka."

"Kwani siku zote nakutupa kwa uongo?" Wifi alicheka, akaingia.

Godoro hakuruka. Alichofanya ni kusimama tu kama anavyosimama mtu kwenye foleni, bila kukaza wala kubisha. Wifi akavuta, nyonga yake ikapita pembeni, mikono ikavuta tena peke yake. Akaachia, akajipanga upya, akaingia kwa nguvu zaidi mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Godoro alitamani kuruka kuliko alivyowahi kutamani kitu. Miguu ilimwasha. Wenzao walikuwa wameacha kujinyoosha, wanatazama.

Wifi alisimama, mikono bado iko kwenye kola.

"Tangu lini?" aliuliza kwa sauti ambayo haikuwa ya kuamrisha.

"Tangu siku ya kwanza. Baada ya msiba wa mama."

"Siku ile nilicheka."

"Ndiyo, wifi."

"Siku ile ndiyo nilijua sitakufa kwa uchungu. Nilijiambia, kumbe bado nina nguvu." Aliachia kola taratibu, moja kisha ya pili. "Na hiyo nguvu nayo ilikuwa yako?"

Godoro alisema alimhurumia, na alipolisema akajua ni neno baya kuliko yote.

"Ningetaka huruma ningeomba. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako." Wifi alichukua viatu vyake na kutoka navyo mkononi. Gari la chuo lilisikika likiondoka kwa gia ya kwanza, likilia, kama linaendeshwa na mwanafunzi.

Wifi aliliondoa jina lake kwenye semina ya kata. Godoro alizisikia habari hizo kwa mumewe, kwani Wifi alikuwa haji tena wala hapokei simu. Yule bwana, anayejua kuziba kila kinachovuja, alikaa katikati ya mke na dada asijue aanzie wapi. "Mmenifanyia nini nyinyi?" alilalamika, akaenda kutengeneza bomba la jirani ambalo halikuwa limeharibika.

Ile semina ya chini ikabaki peke yake, na Godoro akailipia bila raha yoyote. Hamu yote ilikuwa imemtoka. Alikwenda kwa sababu pesa ilikuwepo, na kwa sababu kubaki kungemlazimu kushinda nyumbani akiitazama simu.

Ukumbi wa huko ulikuwa mkubwa na mikeka yake migumu. Walipangwa wawili wawili na watu wasiowajua. Yeye alipewa mpishi wa shule, mama mzito mwenye mikono ya kukoroga masufuria makubwa. Mpishi alimlalia kifuani kwa upande, akaanza kutafuta mahali pa kuupitisha mkono chini ya shingo. Godoro akagonga mkeka kwa kiganja mara mbili. Katika mchezo huu ndivyo mtu anavyosema ameshindwa, aachiwe.

Mpishi alimwachia, akainua uso, ameshangaa.

"Dada, mbona unagonga? Sijakubana bado."

"Oh. Samahani."

Wakaanza upya. Mpishi akamlalia tena, na hata mkono haujafika shingoni, kiganja cha Godoro kikagonga. Hakikumuuliza. Kilikwenda chenyewe.

"Unaumwa?" mpishi aliuliza kwa upole.

Godoro alisema haumwi. Alilala akitazama paa la bati, machozi yakimtiririkia masikioni. Alikuwa amefikiri kwamba uongo ule ulikuwa zawadi aliyompa Wifi. Sasa alijiona vizuri: alikuwa mtu anayesalimu amri kabla hajaguswa, na alikuwa hivyo karakanani, nyumbani na kila mahali, akijiambia ni wema. Hakujua kabisa namna ya kukataa. Siku nzima aligonga mapema, mpaka mpishi akaanza kumwomba msamaha kila anapomlalia.

Jioni, akiwa amekaa kwenye ngazi za nje na koti limeloa jasho, alimpigia Wifi. Hakutegemea chochote. Simu iliita mpaka karibu ikatike, kisha ikapokewa bila salamu.

"Wifi," alisema upesi, asije akakatiwa, "leo mtu amenilalia nikagonga kabla hajanibana. Siku nzima. Ananiuliza mbona unagonga, sijui nimjibu nini. Na wewe nilikufanyia hivyo hivyo. Sijui kufanya vingine."

Upande wa pili injini ya gari ilikuwa inanguruma, kisha ikazimwa.

"Umekula?" Wifi aliuliza.

"Bado."

"Kale." Kisha akasema, sauti imekwaruza. "Kesho usigonge mpaka ubanwe kweli. Na ukirudi, utasimama nijifunze kukutupa kweli. Nikishindwa hata mwaka mzima, nikilia, nikikutukana, usiruke. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Wifi akakata simu. Godoro akainuka kwenda kutafuta chakula.