Isale la Mpakani

Juzi nikipita mpakani Holili niliona masale, yale majani marefu tunayopanda huku mlimani kutenganisha shamba na shamba, yamesimama karibu na geti. Moyo uliruka hadi kileleni Kibo.

Nikiwa mtoto, Bibi alinichukua kwenda Voi kumwona shangazi. Tulitoka Himo kwa pikapu iliyonuka ndizi mbivu na petroli. Tukavuka kuingia Kenya, nikashangaa: mpaka wa nchi nzima, na hata isale moja hakuna.

"Bibi, masale yao yako wapi?"

"Labda yameliwa na mbuzi," akasema huku anacheka.

Kwetu, jirani aking'oa isale, kesho migomba yako ni yake. Basi kwenye treni ya kutoka Taveta nililia hadi behewa likajaa maji. Kila reli ilipopiga kelele, nilijua Kenya inapanda mlima. Ndege ikapita juu, nikajua hiyo inaenda kubeba nyumba yetu.

Shangazi alinikatia kipande cha isale uani kwake. Tuliporudi nikakichomeka pale getini.

"Wewe mtoto, unapanda nini hapo?" akauliza askari.

"Anakuwekea mpaka, baba," Bibi akamjibu. "Sema asante."

Nyumbani tulikuta migomba yote ipo.

Sasa juzi nikamuuliza kijana wa getini nani kayapanda masale yale.

"Shikamoo mama. Mimi nimeyakuta tu."

"Marahaba. Yamwagilie, baba. Bila hayo, Himo yote ingekuwa Kenya."

Akacheka. Bibi angekuwepo, angemwambia aseme asante.