Niliulizwa Kama Anakunywa

Juzi tumemzika jirani yangu wa Kiponda, mtaalamu wa hamira aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, na tangu siku hiyo sina raha. Wasomaji wangu mmenizoea nikiwasema wengine. Leo najisema mwenyewe.

Marehemu alijifunza kazi yake bara, kwenye kiwanda cha bia, akarudi Unguja baada ya Mapinduzi. Hamira ya mkebe ilipoadimika madukani, alianza kuzunguka kwa wagema na kwa wapika pombe, akichukua chupa moja hapa na moja pale, atafute hamira ya kwetu itakayoumua mikate. Siku moja alinikaribisha kazini, akaniinamisha kwenye hadubini. "Unaviona vile vidudu vya mviringo? Hii ukiitia kwenye pombe inapanda juu, inanukia kama ndizi mbivu. Hii inazama chini, inakwenda polepole, pombe yake imetulia. Na hii ya mwitu ikiingia tu, pipa zima linakuwa siki." Nikamuuliza atajuaje yote hayo bila kunywa. Akacheka. "Nnanusa, nnatazama. Kunywa nshawaachia wenyewe." Nilimwamini; msikitini tulikuwa tukisali safu moja.

Basi akaposa. Ami wa binti akanijia barazani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye jirani yake. Ati anakunywa?" Jawabu lilikuwa neno moja: hapana. Lakini palikuwa na watu wawili wamekaa, nami nikaona haya kumtetea mtu anayenuka tembo la mnazi. Nikasema, "Mimi nnaona chupa tu, mzee. Mengine simo." Uongo sikusema, na huo ndio ubaya wangu wenyewe. Posa ilikataliwa wiki ileile, na hakuposa tena. Alijua nilichosema, maana mtaa hauna siri, lakini aliendelea kunitangulia kwa salamu. Mimi nilikuwa nikijibu huku nikitazama viatu vyangu, kisha naingia ndani kula mikate iliyoumuliwa kwa hamira yake. Aibu hiyo haikunifungua mdomo hata mara moja nikamwomba radhi.

Juzi, alipokwisha kusaliwa, tuliulizwa tunamshuhudia vipi. Nikajibu kwa sauti kuliko wote, "Mtu mwema!" Ami yule alikuwa ubavuni pangu. Akageuka, akanitazama. "Kumbe ulikuwa ukijua?"

Nilikuwa nikijua. Msomaji, ukiulizwa habari za mwenzako, sema unalolijua siku ileile unayoulizwa. Ushahidi wangu ulimkuta keshavishwa sanda.