Sweta ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini kanisa letu, karibu na Sotik, lilipewa laptopu na mgeni aliyekuwa amechoka nayo. Kamati iliipokea kwa maombi, kisha kina mama wakaifumia sweta. Sitanii. Sweta nene ya sufu, ya kijani na nyeupe, yenye vifungo. Ilibana tumbo na mbavu zote za mashine, ikaacha kioo na vibonye tu.

"Baridi ya huku si ya huko ilikotoka," mwenyekiti alitueleza. "Ndama tunamvisha gunia, sembuse kitu cha umeme?"

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa kuwa nilijua kuiwasha, nikaitwa fundi.

Ijumaa moja asubuhi alikuja jirani yangu, binti mmoja, na karatasi nne alizoandika kwa mkono. Zilikuwa historia ya mama yake, aliyekuwa azikwe kesho yake. Disketi ilipaswa kufika Kericho kwa mpiga chapa kabla ya saa kumi.

"Mama hajawahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya kituo cha kuuzia majani chai," aliniambia. "Nataka hii moja itoke sawa."

Nikaanza kuchapa. Tulipofika kwenye aya ya mama akichuma chai na mtoto mgongoni, kioo kikawa cheusi. Sikuwa nimehifadhi kitu, fundi mzima! Tukaanza upya, nikihifadhi kila aya. Ikazima tena, safari hii mapema zaidi.

Kamati ikaitwa. Mweka hazina alisema ni virusi, akapangusa vibonye kwa spiriti ya zahanati. Katibu akaomba, na maombi yake yalikuwa marefu, kama kawaida. Aliposema amina nikabonyeza, mashine ikawaka.

"Mnaona?" akasema.

Baada ya aya mbili ikazima.

"Basi hatujaomba vya kutosha."

Saa sita ilikuwa imepita. Binti alikuwa ameanza kukunja karatasi zake.

Nikawaeleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza, ambao kwa kweli huelewa haraka zaidi. Mashine inayozima ghafla ina mpangilio wake, nikasema. Kazi yetu ni kuutafuta. Hii ikipumzika, inakwenda. Ikifanya kazi, inakufa. Tusipoipumzisha vizuri, inakufa mapema zaidi. Katibu aliipa mapumziko mazuri kuliko yeyote. "Sasa wekeni mkono hapa chini."

Mwenyekiti aliweka, akauondoa haraka. "Moto kama kikaango!"

"Ina feni ubavuni, mzee. Inapumulia hapo. Tumeiziba pua. Tuvue sweta."

"Mwalimu, kina mama wamefuma wiki mbili. Utawaambia nini?"

Kompyuta ingekufa kamati ikiitazama, mradi pasiwe na mama wa kukasirika.

Binti akainuka. "Mzee, hii sweta mama yangu alifuma pamoja nao. Mikono yake naijua, hata vifungo ni vya koti lake. Wacha niivue mimi."

Akavifungua kimoja kimoja, bila haraka, kama anayemvua mtoto aliyelala. Tukaiinua mashine juu ya vitabu viwili vya nyimbo, katikati tukaacha nafasi ya hewa, nikaandika hadi mwisho, nayo haikuzima. Kabla sijatoa disketi akaniomba niongeze mstari mmoja.

Kesho yake, mbele ya kaburi, mwenyekiti alisoma historia kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye ule mstari wa mwisho akapunguza sauti: "Alifuma sweta ya kompyuta ya kanisa, na kwa mapenzi yake nusura aiue." Kina mama walicheka na kulia kwa pamoja. Binti alikuwa ameishika sweta kifuani.

Wiki tatu baadaye nilikuta laptopu imevaa sweta mpya, nene kuliko ya kwanza.

"Ya kumkumbuka marehemu," mwenyekiti akasema.